Mrejesho: mlango wa mbele, mbao au chuma?

Ndugu wadau, niliuliza kama mlango wa mbele wa nyumba yetu ya Tanga, unaopigwa na mvua za masika na upepo wa chumvi, uwe wa chuma au wa mbao. Nashukuru kwa ushauri wenu. Nimechagua mninga uliokauka vizuri, kwa kuwa haupindi ovyo. Fundi alipima upana wa fremu juu, katikati na chini, akafuata kipimo kidogo kuliko vyote, kisha akapunguza milimita 3 kila upande. Ninalosisitiza zaidi ni vanishi: kingo za juu na chini, ambazo huachwa bila kupakwa kwa sababu hazionekani, ndizo zinazonyonya maji kwa wingi, hivyo tulizipaka kabla ya kufunga bawaba za shaba. Kitasa bado nakitafuta.