Madaftari ya diwani aliyekuwa stesheni masta: naomba msaada wa kuyasoma

Mjukuu wa Stesheni aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Ninaishi hapa Nairobi, mtaa wa Makongeni, na tangu babu yangu mzaa mama alipofariki mwaka jana ukoo umenikabidhi kazi ya kuandika maisha yake ili yasomwe siku tutakayomkumbuka. Babu aliajiriwa na Reli na Bandari za Afrika Mashariki mwaka wa 1953 akiwa kibarua wa gengi, wakikaza misumari na kubadilisha mataruma. Baadaye alipelekwa kwenye mafunzo ya reli Nairobi, na mwishowe akawa stesheni masta wa kituo kidogo cha Ukambani, kwenye reli ya zamani iendayo Mombasa. Alistaafu mwaka wa 1978. Mwaka uliofuata wakazi wa mji huo huo walimchagua kuwa diwani, akaketi katika baraza la kaunti hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002, yaani miaka 23 mfululizo.

Kila ninayemwuliza habari zake hunipa sifa tu: alikuwa mwadilifu, alipenda watu, hakubagua. Siwabishii, lakini sifa hizo husomwa katika kila mazishi, nami nataka anayesikiliza amjue babu yangu na si mzee yeyote. Kinachonisumbua ni kwamba huenda amejieleza mwenyewe, na mimi sijui kumsoma. Aliacha madaftari matatu makubwa yenye jalada gumu, na kila ukurasa ameugawa kwa rula katika safu tano. Safu ya kwanza ina maneno mawili matatu, kama "maji, soko la chini" au "choo cha mnadani". Safu nne zinazofuata zina herufi U, P, O na F, na chini ya kila herufi pameandikwa tarehe, mara nyingine hata saa na dakika, au pameachwa patupu. Hapa na pale kuna mstari wa wino mwekundu kutoka ukingo hadi ukingo, na chini yake saini yake. Mstari wa mwisho una saini mbili. Mama anaamini ni hesabu za pesa, mjomba anasema ni michango ya harambee. Tarehe hizo hazikubaliani na dhana yoyote kati ya hizo mbili.

Je, kuna anayeutambua mpangilio huu? Pia naomba kuelekezwa mahali ninapoweza kupata kumbukumbu za kazi yake, kwa sababu ofisi moja niliyoiendea mara tatu iliniambia kwamba majalada ya waliostaafu kabla ya 1980 yalihamishwa na haijulikani yaliko.

Gadi Mstaafu alijibu:

Pole kwa msiba, mjukuu wangu. Nilikuwa gadi wa treni za mizigo kwa miaka 26, nikikaa katika behewa la mwisho, na nimesimama mbele ya dirisha la stesheni masta mara zisizohesabika. Niliposoma swali lako nilicheka kwa furaha, kisha nikanyamaza kwa muda. Hicho ulicho nacho mkononi ni rejista ya treni.

Nikueleze jinsi inavyofanya kazi. Reli ile ni ya njia moja, na treni mbili zikiingia kwenye kipande kimoja kutoka pande mbili watu hufa. Kwa hiyo treni haiondoki kituoni mpaka stesheni masta apige simu kituo cha mbele na kuuliza kama njia iko wazi. Huandika saa na dakika aliyouliza. Mwenzake akimpa njia, huandika saa aliyopewa, ndipo humkabidhi dereva hati ya ruhusa. Treni ikiondoka huandika, na mwenzake akimjulisha kwa simu kwamba imefika salama, huandika tena. Kuuliza, kupewa, kuondoka, kufika: U, P, O, F. Stesheni masta ambaye safu yake ya F iko tupu hana haki ya kusinzia, kwa sababu kuna treni iliyo njiani na yeye ndiye aliyeituma. Na zamu inapoisha hupiga mstari. Anayetoka na anayeingia wote wawili hutia saini, ili yule mpya asije akasema hakujua ni treni gani bado iko njiani.

Kwa maoni yangu, basi, babu yako aliyapokea mambo ya wananchi kama alivyozipokea treni. U ni siku aliyolileta jambo barazani, P ni siku baraza lilipolikubali, O ni siku kazi ilipoanza, na F ni siku wananchi walipolipata. Jaribu kusoma hivyo, kisha utuambie.

Niongeze jambo moja, kwa sababu umetaja maji. Katika miaka ya mvuke mji mdogo wa reli ulikunywa maji ya reli. Zile injini za daraja la 59, zilizoletwa 34 mwaka wa 1955 na 1956, kila moja ikizidi kidogo tani 250 na kupewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, zilikuwa na kiu isiyoisha, hivyo reli ilijenga matangi ya maji kando ya njia. Mwenye ufunguo wa bomba alikuwa stesheni masta, na nimeona kwa macho yangu akina mama wakipanga madebe jioni baada ya treni ya mizigo kupita. Yeye pia ndiye aliyekuwa na simu, na saa ambayo mji mzima uliifuata. Kisha dizeli ikashika njia katika miaka ya 1970. Injini ya dizeli haihitaji maji kwa wingi ule, matangi yakaachwa yakauke, na mji ukakauka nayo. Mtu aliyewahi kufungua bomba lile, kisha akaliona likikauka, sishangai kwamba mwaka wa 1979 alitaka kwenda barazani. Ukitaka kuona ukubwa wa injini hizo, nenda Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya Nairobi. Ile iitwayo Mount Gelai iko pale.

Karani wa Nyaraka alijibu:

Dada, baada ya maelezo ya Mzee hapo juu sina la kuongeza kuhusu safu. Kuhusu nyaraka, anza na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo lililokuwa la Benki ya India, Moi Avenue; ripoti za mwaka za wilaya zimo, nazo huzungumzia mabaraza mara nyingi. Tafuta pia katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mihutasari ya vikao ni ngumu zaidi, kwa kuwa mabaraza ya zamani yalivunjwa mwaka wa 2013 serikali za kaunti zilipoanza, na mali yao ikarithiwa na kaunti. Zaidi ya hayo, Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka wa 1992, kwa hiyo huenda ukalazimika kwenda Machakos kwa miaka ya mwanzo na mji wa Wote, makao makuu ya Makueni, kwa ile ya mwisho.

Naomba hata hivyo usimpime kwa majengo. Tangu 1970 serikali kuu ilipoyaondolea mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara, diwani wa mji mdogo alibakiwa na soko, machinjio, leseni na ushuru wa mazao. Choo cha mnadani kilikuwa kazi kubwa kweli kweli.

Na kuna swali moja ambalo sharti mwandishi wa maisha yake aliulize, hata kama ni mjukuu. Miaka 23 inapita katikati ya enzi ya chama kimoja. Februari 1988 uteuzi wa KANU ulifanywa kwa mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea, na watu wengi walioshinda kwa macho ya wote walitangazwa kuwa wameshindwa, na kinyume chake. Simtuhumu babu yako. Nasema tu kwamba daftari la mtu mwangalifu kiasi hicho lazima liwe na neno kuhusu wiki ile, au liwe na kimya ambacho nacho ni neno.

Mjukuu wa Stesheni alijibu:

Mzee wangu Gadi, Mungu akuweke. Nawe Karani, ahsante, ingawa swali lako lilininyima usingizi.

Nimekaa na mama siku mbili tukisoma ukurasa kwa ukurasa. Mpangilio ni ule ule uliousema, Mzee. Choo cha mnadani kiliulizwa Machi 1980 na kufika Novemba 1983. Mistari myekundu inaangukia miaka ya uchaguzi, kila mmoja ukiwa mwanzo wa zamu mpya. Lakini ukurasa wa Februari 1988 haupo. Umekatwa kwa wembe, taratibu, karibu na mshono, na aliyeukata alitumia rula. Nilipomwuliza mama, aliniambia kwamba babu alirudi nyumbani siku ile akiwa ametangazwa mshindi, akakataa kula, na kwamba hajui zaidi ya hapo. Nitaliandika hivyo hivyo. Mjomba hapendi, lakini nimemwambia kwamba sitaondoa ukurasa wa pili.

Maji ya soko la chini ndilo jambo la kwanza kabisa katika daftari la kwanza, kama ulivyobashiri. U: 14 Januari 1980. P: mwaka uliofuata. O: 1986. F iko tupu. Daftari lilipojaa, alilihamishia la pili, na kutoka la pili akalihamishia la tatu, kila mara mstari wa juu kabisa, tarehe zote zimenakiliwa upya na F bado tupu.

Ile saini ya pili tumeitambua pia. Mstari wa mwisho ni wa tarehe 2 Januari 2003, na aliyetia saini kando ya babu ni yule aliyemshinda siku chache tu kabla. Mama anakumbuka babu akitoka nyumbani asubuhi hiyo, daftari kwapani, bila kusema anakwenda wapi. Kisha tukageuza tena kwenye mstari wa maji. Miezi yote hii nilidhani F haikujazwa kamwe, kwa sababu nilikuwa nikiutafuta mwandiko wa babu. Imejazwa kwa kalamu ya bluu, kwa herufi kubwa zisizo zake: 9 Julai 2005, saa 10.15.