Niache kazi shamba la maua nikapike mtori? Naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

MamaTatu_Usa · Alhamisi, saa 3:12 usiku
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Usa River, nina miaka saba shamba la maua upande wa kupaki. Mshahara ni 240,000. Ikishakatwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), chama cha wafanyakazi na kodi, mkononi inafika 193,200. Hapo nitoe chumba 50,000, mkaa, unga, madaftari. Ikifika tarehe 12 naanza kukopa dukani kwa Mangi. Sasa binti yangu wa kwanza amechaguliwa kidato cha tano, bweni, Singida. Nawaza niache kazi, nichukue mafao yangu NSSF, nimpeleke shule, kitakachobaki nianze kupika mtori na chapati stendi. Mume yupo, ni fundi rangi, kazi zake za kubahatisha. Jumatatu natakiwa nitoe jibu. Naomba msinitukane, nimechoka.

Chalii_wa_Muriet · saa 3:20
Mtori unalipa dada, ila usikae stendi, pale akina mama wamejaa. Tafuta mahali wanapojenga, mafundi wanakula asubuhi na mchana. Ndizi fuata mwenyewe Tengeru Jumatano na Jumamosi, wala usimsubiri mtu wa katikati. Nyama weka kidogo, mifupa iwe mingi.

Mzee_Majengo_Moshi · saa 3:41
Mwanangu, sisi tulisomeshwa kwa kahawa. Baba alikuwa anapeleka magunia chama cha msingi, KNCU, ushirika wetu wa kahawa Kilimanjaro, inauza, malipo ya pili yakitoka ndiyo ada yetu. Hatukuwa na mshahara wala mafao, na tulisoma. Leo elimu ni bure mpaka kidato cha sita na bado watu mnalia. Vijana mmekosa uvumilivu.

Mwalimu_Himo · saa 3:55
Shikamoo mzee. Ada ya kidato cha tano na sita imefutwa kweli tangu 2022, na ni jambo kubwa. Godoro halikufutwa. Mwaka jana nilimpeleka mpwa wangu bweni, fomu ya kujiunga ilikuwa na godoro, shuka jozi mbili, ndoo, sweta, viatu, jembe na fagio, bado nauli. Mwenye mshahara kama wa huyu mama hiyo ni miezi miwili bila kula.

Dada_Sakina · saa 4:10
Mpendwa, usije ukakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kwa ajili ya hiyo biashara. Tulikuwa kikundi cha wanawake watano, tukajaza fomu za mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato yake ambayo nne ni za wanawake, nne vijana na mbili watu wenye ulemavu. Hauna riba. 2023 ikasitishwa tukiwa tunasubiri. Iliporudi 2024 wenzangu wawili walishahama, kikundi kikafa. Mimi nilikuwa nimeshachoka kungoja, nikachukua laki tatu mtaani. Nililipa na kulipa. Mwisho wakaja mchana kweupe wakabeba friji na kochi, watoto wangu wamesimama mlangoni. Mwenye hela anakopa benki taratibu, sisi wenye shida ndiyo tunakopa kwa bei ya juu kuliko wote.

Karani_Mstaafu · saa 4:32
Dada, swali lako la NSSF hakuna aliyeligusa. Lile fao la kujitoa la zamani liliondolewa na mabadiliko ya 2018. Siku hizi kuna fao la kukosa ajira, na aliyeacha kazi kwa hiari yake halimhusu. Ukiacha leo usitarajie kwenda dirishani wiki ijayo ukarudi na hela ya godoro.
Halafu nikuulize. Jumatatu unatoa jibu kwa nani? Mtu anayeacha kazi kwa kupenda hapangiwi siku.

MamaTatu_Usa · saa 4:50
Kwa msimamizi wangu. Amenipa barua nisaini kwamba naacha kwa hiari yangu, na nitapewa 600,000 taslimu siku hiyohiyo. Msimtafsiri vibaya, ni mtu mwema, amesema ameniombea mwenyewe kwa wakubwa. Na mume ameshalipia nusu ya meza na masufuria, 80,000, kwa hiyo si kama naanza na mikono mitupu.

Dada_Sakina · saa 4:53
Laki sita kwa mtu wa kupaki? Kwa nini? Kuna kitu hujasema, mdogo wangu.

MamaTatu_Usa · Ijumaa, saa 11:05 alfajiri
Sikulala. Nina mimba ya miezi mitano.
Sikuandika kwa sababu nilijua mtasema kwa nini nimeongeza mtoto na hali yenyewe hii. Msimamizi amesema wanapunguza watu wa kupaki, nisipoondoka kwa amani nitahamishiwa ndani ya mabanda, wanakopuliza dawa. Mimba yangu iliyopita iliharibika, siwezi kuingia kule. Sasa mnaponiambia nivumilie, nivumilie nini? Mei Mosi ya kitaifa ya 2024 ilifanyika hapahapa Arusha, tulivaa fulana tukaandamana juani. Mwaka uliofuata kule Singida ikatangazwa kima cha chini cha serikalini kinakwenda 500,000. Nilifurahi kwa ajili ya walimu wa wanangu, kweli. Lakini mimi na mwalimu tunanunua unga kwa Mangi mmoja, kwa bei moja. Laki sita sijawahi kuishika. Nimeshaamua kwa sehemu kubwa, nilitaka tu mnitie moyo.

Mzee_Majengo_Moshi · saa 1:15 asubuhi
Uzazi wa mpango upo zahanati, bure.

Mwalimu_Himo · saa 1:22
Mzee, nakuheshimu, lakini mtoto ameshakuja. Tuongee ya Jumatatu.

Karani_Mstaafu · saa 1:40
Usisaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 wakiwa mapacha, na ukirudi kazini unapewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mjamzito haruhusiwi kupangiwa kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na hilo banda la dawa ndilo sheria inalolisema. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba ni kosa, na unayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, uende ndani ya siku 30 tangu uachishwe. Lakini karatasi ikisema "kwa hiari yangu", umewafutia yote hayo kwa mkono wako. NSSF nao wana fao la uzazi, na wewe una miaka saba ya michango. Nenda ofisini kwao uombe taarifa yako uone kama michango inafika.

Bwana_Hesabu · saa 2:30
Wakuu, samahani, mnalishwa chai hapa. Mshahara wa 240,000 haukatwi kodi. Kodi ya mshahara inaanzia juu ya 270,000. Nimepiga hesabu: toa NSSF 24,000, toa chama asilimia mbili 4,800, bado 18,000 ili ifike hiyo 193,200. Hiyo kodi imetoka wapi? Mtunzi amekosea hesabu. Kesho atatuma namba ya kuchangiwa godoro.

Chalii_wa_Muriet · saa 2:36
Duh. Na mimi nimeshamgawia siri ya mifupa.

Dada_Sakina · saa 2:41
Hata mimi sasa najiuliza. Mimba, barua, Singida, vyote wiki moja?

MamaTatu_Usa · saa 7:10 mchana
Sijaomba hela ya mtu na sitaomba. Viwango sivijui, mimi nimeishia la saba. Nimepiga picha karatasi ya mshahara ya Mei, jina nimefunika. Mstari wa tatu umeandikwa kodi, 18,000. Ilianza Januari mwaka jana, nikauliza, nikaambiwa ni ya serikali.

Bwana_Hesabu · saa 7:48
Nimeiona. Mama, naomba unisamehe, nimekuita mwongo mbele ya watu na mwongo hukuwa wewe. Januari mwaka jana mpaka Mei hii ni miezi 17. Mara 18,000 ni 306,000. Zaidi ya nusu ya hiyo laki sita wanayokuhonga nayo ni hela yako mwenyewe. Kusanya karatasi zote za nyuma, na waulize wenzako wa kupaki waangalie mstari wa tatu.

Dada_Sakina · saa 7:55
Nisamehe na mimi, mdogo wangu.

MamaTatu_Usa · Jumapili, saa 2:20 usiku
Nimewauliza wanne baada ya ibada. Watatu wanao huo mstari, mmoja karatasi alishawashia jiko. Mume amekasirika, muuza meza amekataa kurudisha 80,000. Barua ya msimamizi iko chini ya godoro, sijaisaini. Binti anasema anaweza kubeba godoro langu, mimi na baba yake tulale kwenye mkeka mpaka Desemba. Karani, barua ya likizo ya uzazi naandika kwa nani, na lini?

Chalii_wa_Muriet · saa 2:31
Meza itunze mama. Mtori wa kwanza utaunywa wewe ukishajifungua, wateja baadaye.

Karani_Mstaafu · saa 2:44
Kwa mwajiri, si kwa msimamizi. Sheria inataka taarifa angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, kwa hiyo una mwezi mmoja, ila usingoje. Ambatanisha nakala ya kadi ya kliniki yenye tarehe ya makadirio. Chapisha barua mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea, urudi nayo nyumbani.