Historia ya shule ya parokia: tuanze na kronika, faili za serikali au wazee?

Karani_Jubilei: Wakuu, kamati ya jubilei inataka kijitabu cha historia ya shule yetu ya parokia, upande wa Iringa. Muda ni miezi mitatu. Tuanzie wapi?

Nyaraka_Kavu: Kronika ya misheni. Humo utakuta siku kwa siku nani aliezeka darasa na lini mwalimu alihamishwa. Ila Iringa ina mtego: wamisionari Wabenediktini Wajerumani ndio waliotangulia, wenzao Wakonsolata wa Italia wakapokea mwaka 1919. Yaani Kijerumani, pengo la vita, kisha Kiitaliano. Hati ya mkono ya Kijerumani ya enzi zile ina herufi zake. Hata anayekijua Kijerumani cha leo hukwama. Tafuta *Schule* na *Scuola* (yaani "shule" kwa Kijerumani na kwa Kiitaliano), piga picha ukurasa mzima, na urudi nyuma hadi ukurasa wenye mwaka. Tarehe bila mwaka haikusaidii kitu.

MamaKisomo: Nakubali nusu. Hiyo *Schule* ya kabla ya 1914 yaweza kuwa banda la nyasi la kufundishia katekisimu. Faili za serikali ndizo zinazopambanua. Tangu miaka ya 1920 Waingereza walitoa ruzuku kwa shule zilizotimiza masharti, kwa hiyo utakuta ripoti za ukaguzi na vyeti vya walimu. Anzia Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kasoro: shule za vigangoni (vituo vidogo vya parokia) zisizo na ruzuku hazionekani sana humo, nazo ndizo zilikuwa nyingi.

Karani_Jubilei: Sasa kwenye jalada tuandike mwaka upi?

Nyaraka_Kavu: Yote miwili: wa mafundisho ya kwanza na wa kusajiliwa. Mkilazimisha mmoja mtabishana mpaka siku ya misa.

Kengele_ya_Saa_Sita: Mbona wazee mnawaacha? Aliyeanza darasa la kwanza 1950 sasa amepita 80, huyo ndiye wa wiki hii; makaratasi yatangoja. Usimuulize mwaka. Muulize alipata kipaimara akiwa darasa la ngapi, halafu fungua daftari la kipaimara ofisini kwa paroko, hapo mwaka unao. Chukua jina la ubatizo pamoja na la baba, kwani akina Yohani ni wengi.

MamaKisomo: Hiyo ya kipaimara ni nzuri. Jambo moja tu: baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule zilitaifishwa, na kronika huenda ikanyamaza hapo. Kuanzia hapo mwombeni mwalimu mkuu rejista ya uandikishaji, na mtafute jina jipya la shule kama lile la mtakatifu lilibadilishwa.