Tupeane uzoefu: ni wapi ulitembea ukarudi na wazo jipya? Wa Mtwara na Lindi tuanze

Brashi ya Ligula (mleta mada)

Wakuu, Ntwara kuchele.

Mimi ni mchora mabango hapa mjini. Saluni, mabucha, maduka ya dawa, hata mashua ukinilipa. Siku hizi mteja anakuja na simu mkononi, anakufungulia picha aliyoiona mtandaoni, anakwambia "nataka hivihivi". Matokeo yake ukipita Chikongola unakuta saluni zimepangana zote zina mwanamke yuleyule, nywele zilezile, anaangalia upande uleule. Ajabu ni kwamba hata mteja akiniachia nichore ninavyotaka, mkono ulikuwa unakwenda kwenye simu kwanza. Naperuzi saa nzima, najiambia natafuta mawazo.

Kilichonigeuza ni kazi ya Mikindani. Nilikuwa nashuka daladala kabla ya kufika, namalizia kwa miguu kando ya ghuba. Njia ile nimeipita kwenye gari tangu utoto, lakini kwenye gari unaona mgongo wa abiria mwenzako tu. Kwa miguu nikaanza kuziona kuta. Zile nyumba kongwe za mawe ya matumbawe, chokaa imebanduka, chini yake kuna chokaa nyingine ya bluu iliyofifia, chini yake tena rangi ya waridi, halafu kwenye pembe unyevu umeota ukijani. Ukuta mmoja una rangi hizo zote na hakuna aliyekaa akazipanga. Nikachana kipande cha boksi nikaandika zinavyofuatana, kutoka juu kwenda chini. Duka la vitenge nililochora baada ya hapo limebeba mpangilio uleule, na watu wananiuliza nimeutoa kwenye programu gani ya simu.

Ninavyoona mimi, kitu cha mtandaoni kinakufikia kikiwa kimeshapendwa, kimeshabishaniwa na kimeshatungiwa vichekesho. Huna cha kuongeza. Ulichokutana nacho njiani hakijatolewa maoni na mtu, inabidi ukisemee mwenyewe.

Sisemi simu zitupwe. Naomba tupeane uzoefu: unafanya kazi gani, ulitembea wapi, ulirudi na nini. Nukuu za watu maarufu wekeni pembeni.

Kitochi Hakina Bando

Niko paleee nimekaa. Mimi bando likiisha ndipo nakuwa msanii.

Mama Cherehani, Lindi

Kaka yangu mleta mada, hayo ni maneno ya mwanaume. Mwanamke huku kwetu akitembea tu bila shughuli, hajafika kona ya pili ameshaulizwa "wapi huko?", na kabla hajarudi mumewe ameshafikishiwa habari. Kwa hiyo mimi nabeba kikapu. Kikapu ndiyo kibali changu, hata kikiwa na nyanya mbili.

Nashona nguo za sherehe. Wateja wangu nao wote mshono wanao kwenye simu. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa huwa navuka ghuba kwenda Kitunda, jina nimekwenda kununua pweza. Kule ndiko nilikoanza kuwaangalia vizuri kina mama wanaochokoa pweza. Wamefunga kanga kwa namna ambayo wakiinama haifunguki, na maji yakiwafika kiunoni haiwavuti miguu. Pindo moja linapita katikati ya miguu, linachomekwa nyuma, halafu mfundo unakaa ubavuni, upande wa mkono usioshika mchokoo. Ukikaa mbele unamsumbua akiinama, ukikaa upande wa mchokoo unamzuia. Nilimkodolea macho mmoja mpaka akaniuliza kama namdai.

Ule mfundo wa ubavuni ndio uliozaa gauni langu la wapambe wa harusi, wale wanaotakiwa kucheza mpaka asubuhi bila nguo kuwaachia. Mshono ule haukuwa kwenye simu ya mtu yeyote. Sasa upo, wameshaupiga picha.

Mjukuu wa Mmawia

Mchongaji, Newala. Babu alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa Mreno, akaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kama Wamakonde wengi wa enzi zake. Watu wanapenda kusema uchongaji wetu ni wa kale na haujabadilika. Si kweli. Kule nyumbani kulikuwa na mapiko, vinyago vya kuvaa kwenye ngoma za jando na unyago, vinachongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kubeba. Hivi vya mpingo vya mashetani, na vya ujamaa, watu wamepandana mpaka juu, vilishika kasi miaka ya 1950 na 1960, baada ya wachongaji kuhama na kukutana na wanunuzi Dar es Salaam. Safari ndiyo iliyovileta. Mtu yuko mbali na kwao, hana ngoma ya kuchongea, ana tezo na patasi na kichwa kimejaa mazimwi ya utotoni. Akayatoa.

Mimi natembea kwa sababu ya mti. Mpingo ukiukata, nje ni mweupe wa kuelekea njano, moyo ndio mweusi, na mpaka kati ya weupe na weusi haunyooki hata siku moja. Ukiletewa gogo na pikipiki ukalikuta uani, unachonga kile ulichozoea kuuza: tembo, mzee na fimbo. Mimi nikipata gogo (la kibali jamani, msije kuniitia maliasili) nalibeba begani mwenyewe kadiri ninavyoweza. Njiani unalijua linaelemea wapi, jicho la tawi liko wapi, ufa umeanzia wapi. Unalihamisha bega la kushoto, la kulia, unalilaani kidogo. Nikifika nyumbani mara nyingi sura imeshajichagua mahali pa kukaa.

Simu ninayo. Lakini haiingii kwenye banda la kuchongea, kwanza vumbi la mpingo linaiua.

Korosho Mlangoni

Mimi nitakuwa tofauti. Nauza korosho zilizobanguliwa kwa mtandao, wateja wangu wako Dar, Dodoma, Arusha. Nikizima simu mchana kutwa, oda zimehamia kwa mwingine. Huu ushauri wa "punguza mitandao" naona unatolewa na watu ambao mkate wao hautoki humo. Na vifungashio vyangu nimejifunza kuvibuni humuhumu.

Brashi ya Ligula

Mkuu, kuuza sikugusi, hilo ni duka lako. Nauliza ukishamjibu mteja wa mwisho, unatoka humo?

Korosho Mlangoni

Natoka. Nikishamaliza kuangalia harusi ya watu nisiowajua.

Utingo Mstaafu

Nyie ni watoto wa lami. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, Rufiji tunavuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikikolea gari la Dar linalala njiani, na si usiku mmoja. Hata daraja lilipokuja, kipande cha Ndundu mpaka Somanga kilikaa miaka mingi bila lami.

Sasa gari ikizama, abiria wanashuka kusukuma. Lazima atokee mzee mmoja aanze wimbo. Na ndipo nilipojifunzia mashairi, sikusoma shule. Kusukuma basi kunataka mizani nane, mnavuta pumzi, mizani nane tena, mnasukuma. Ukiingiza silabi ya tisa nusu ya watu wanasukuma na nusu wanapumua, gari linarudi kwenye shimo na wewe unatukanwa. Hakuna mwalimu wa ushairi mkali kuliko matope. Leo nikialikwa kusoma shairi kwenye harusi, bado miguu yangu ndiyo inayohesabu.

Sitaki ile barabara irudi, nisieleweke vibaya. Nimeona mama akijifungulia ndani ya gari. Lakini siku hizi Mtwara na Dar ni safari ya mchana mmoja, abiria wote wameinama, Rufiji inapita chini yao na hakuna anayeinua shingo. Mimi nakaa dirishani nachezea majina ya vituo. Nangurukuru na Mbwemkuru zinakupa vina bila kutoka jasho. Kiranjeranje bado inanisumbua.

Chaki na Jua

Shikamoo mzee Utingo. Ulichosema kuhusu miguu kuna wasomi walikipima. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha majaribio ambamo waliwapa watu kazi ya kufikiria matumizi mapya ya vitu vya kawaida. Wakiwa wamekaa, kisha wakitembea. Wengi walitoa mawazo mengi zaidi wakitembea, na hata walipokaa tena ile nguvu ilibaki kwa muda. Ila kwenye maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukusaidia. Kwa hiyo wanafunzi wangu wa hesabu wasije na visingizio.

Lakini mleta mada, kuna jambo linakupinga. Baadhi ya waliopimwa walitembea ndani, kwenye mashine ya kutembelea, wakitazama ukuta mtupu. Na bado mawazo yaliongezeka. Maana yake kazi inafanywa na miguu, si rangi za Mikindani.

Brashi ya Ligula

Mwalimu, sipingani na wasomi. Mashine ingenipa mawazo mengi, sawa. Lakini ile bluu chini ya chokaa haikuwemo kichwani mwangu, ningeitoa wapi?

Chaki na Jua

Hapo sina jibu, na nadhani zote mbili zinatakiwa. Nitoe mfano wangu. Nafundisha Kiswahili sekondari, mkoa wa Lindi. Insha za darasani zilikuwa zinafanana mpaka makosa, zote zinaanza na "hapo zamani za kale" na zinaishia kwa ajali. Tukapata nafasi ya kuwapeleka Kilwa Kisiwani. Simu tuliziacha kwa matroni Kilwa Masoko, kelele mlizozisikia siku hiyo ndizo hizo.

Nikawaeleza ya vitabuni: Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 akausifu mji, jumba la Husuni Kubwa lilijengwa na Sultan al-Hasan bin Sulaiman, magofu haya pamoja na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Wameandika, wamechoka. Kisha nikawaacha wazunguke bila kuwaongoza. Pale Husuni Kubwa kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Binti mmoja, ambaye darasani hanyooshi mkono, alilizunguka, akashuka upande wa bahari, akapanda tena akihema, akaja kuniuliza: "Mwalimu, maji ya kujaza hapa alikuwa anayapandisha nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Insha yake haikumtaja sultani hata mara moja. Ilikuwa ya mpandisha maji, siku ambayo wageni wanatarajiwa na mtungi umepasuka. Nimefundisha miaka na sijapata insha ya namna ile. Asingepanda kile kilima kwa miguu yake asingeuliza.

Mama Cherehani, Lindi

Huyo binti apewe zawadi. Na si ajabu aliyewaza maji ni mtoto wa kike.

Zamu ya Usiku, Chuno

Nimewasoma wote, asanteni. Mimi ni muuguzi na naandika hadithi fupi. Asubuhi nikitoka zamu huwa sipandi bodaboda moja kwa moja, nazungukia Shangani kwanza, wavuvi wanarudi, wenye ndoo wanagombania changu. Mazungumzo nayapata mengi. Tatizo langu ni moja: wazo likija, nikitoa simu nirekodi, najikuta magrupuni, na nikitoka huko wazo sina. Nyie mnayashikaje?

Brashi ya Ligula

Kalamu na kipande cha boksi. Boksi halipokei ujumbe.

Utingo Mstaafu

Lifunge kwenye mizani, binti yangu. Likishakaa kwenye mshororo halipotei.

Mama Cherehani, Lindi

Mimi napiga fundo kwenye pindo la kanga. Nikifika nyumbani nikilifungua nakumbuka nilikuwa nimesimama wapi.

Zamu ya Usiku, Chuno

Na yakija mawili njia moja, mama?

Mama Cherehani, Lindi

Kanga ina pembe nne, mwanangu. Ukifika la tano, rudi nyumbani ukafanye kazi.