Magari yazuiwe getini asubuhi, ndio au hapana?

Mama Watatu: Jamani naomba maoni. Shuleni kwa wanangu kuna pendekezo magari yasifike getini asubuhi, ushushe mtoto mita 300 nyuma amalizie kwa miguu na mtu mzima. Mi naunga mkono. Jumatatu gari lilikuwa linapiga rivasi na nyuma yake katoto kameinama kanafunga kamba ya kiatu, dereva hakaoni kabisa kwenye saidi mira, nikalipiga bodi kwa kiganja mpaka mkono ukafa ganzi ndo akasimama. Mpaka leo nikifumba macho nakiona kile kiatu.

Mzee wa Gia: Pole sana mama. Ila tatizo sio geti, tatizo ni kuchelewa, na wanaotuchelewesha ni kina mama. Nywele peke yake dakika 20, halafu mtoto anavalishwa soksi ndani ya gari.

Binti Alfajiri: "Nywele dakika 20"??? Mi naamka saa kumi na moja, naamsha, naogesha, natafuta daftari lililosainiwa halijulikani liko wapi, mwenzangu anatoka bafuni kashavaa anaenda kukaa kwenye gari anapiga honi. Ile honi ndo inawatoa watoto mbio viatu mkononi! Usituletee habari za nywele hapa.

Mzee wa Gia: Sijamtukana mtu, nimesema ninachokiona. Nimeendesha miaka 22.

Baba Pacha: Na mimi msinitie kwenye kapu la wapiga honi, wangu nawaandaa mwenyewe. Siri ni jioni. Mabegi mlangoni, sare juu ya kiti, soksi ndani ya viatu, na funguo ya gari inalala juu ya begi. Tangu tuanze hivo sijamfokea mtoto asubuhi, na zamani nilikuwa nafoka kila siku, naumia nikikumbuka.

Fundi Breki: Mnagombana bure, pigeni hesabu. Safari ya kilomita 5 ukienda 50 ni dakika 6, ukienda 60 ni dakika 5. Yaani roho ya mtoto unaiweka rehani kwa dakika moja, tena hiyo ni kama barabara ni nyeupe. Na ukiwa 50 gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, hujagusa hata breki. Ukiwa 30 ni mita 8 na kidogo. Mawaziri wa nchi mbalimbali walipokutana Stockholm, Sweden, 2020 kuhusu usalama barabarani walitaka spidi ya mwisho iwe 30 pale magari yanapochanganyika na waenda kwa miguu. Wekeni 30 na matuta, geti liacheni.

Msomaji Tu: Fundi hiyo dakika moja unayoidharau ndo dakika geti linafungwa. Wangu aliachwa nje mara mbili, analia, wenzake wanamchungulia, siku ya tatu nilikimbiza gari kweli na sijivunii. Shule inayofungia mtoto nje ndo inatutia wazimu barabarani, waanze na hilo.

Binti Alfajiri: Mzee wa Gia hujajibu. Kwako soksi anavalisha nani?

Mzee wa Gia: Mama yao. Ila mimi ndo nawapeleka, kila siku, mvua na jua.

Binti Alfajiri: Basi valisha na wewe, utajua dakika 20 zinaenda wapi.

Mama Watatu: Turudi kwenye geti tafadhali, kura ni Ijumaa. Na wale wanaopakata watoto siti ya mbele waache, mtoto akae nyuma na mkanda. Na kile kiti cha kichanga kinachotazama nyuma msikiweke mbele ya eabegi (ule mfuko wa hewa wa ajali) inayofanya kazi, ikifumuka inakipiga kiti chenyewe na mtoto yumo ndani.

Mama Magongo: Nimesoma yote nimenyamaza. Mwanangu anatembea kwa magongo. Mita 300 kwake ni robo saa na anafika darasani kaloa jasho, mikono inatetemeka hawezi kushika kalamu. Hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja.

Mama Watatu: Nisamehe, kweli sikumfikiria. Pendekezo nililopewa nalo halina neno juu ya watoto kama wake. Gari lenu linahitaji kufika mpaka wapi? Niambie leo, niipeleke kwa maandishi kabla ya Ijumaa.

Mama Magongo: Mpaka kwenye ngazi. Na mtu wa kutuwekea nafasi, maana kila siku kuna aliyepaki hapo "dakika moja tu."