Nguruwe wana vifuko vyeupe chini ya ulimi: dawa gani, dozi gani, na nyama inaliwa?

Mlowo_Mfugaji

Wakuu, habari za humu. Nina nguruwe 7 huku Mbozi, kilo 30 hadi 60 kwa kukadiria kwa macho. Mnunuzi amewavuta ulimi kabla ya kupanga bei, wawili wamekutwa na vifuko vyeupe vya maji, kila kimoja kama punje ya mchele uliovimba. Amewaacha wote 7. Mwezi uliopita walichomwa sindano ya ivamektini kwa ajili ya minyoo.

Naomba kujua: dawa ipi inaondoa hivi vifuko, na kiasi gani? Wale wawili wakichinjwa leo, nyama ikachemshwa sana, inafaa? Na nyumbani tupo watu sita, tunywe dawa gani?

Daktari_wa_Zizi

Mkuu, ivamektini umeionea bure, umeituma kazi isiyo yake. Inaua minyoo ya duara tumboni, chawa na wadudu wa ukurutu. Hivyo vifuko ni tegu mchanga wa nguruwe (Taenia solium) aliyejichimbia kwenye msuli, na ivamektini haimgusi. Levamisoli na piperazini nazo hazimwezi.

Dawa ya dozi moja ni oksifendazoli ya kunywesha, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito. Hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Chupa nyingi zilizopo kwenye maduka ya dawa za mifugo ni za ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kipimo kwenye karatasi yake ni kama miligramu 5 kwa kilo. Ukikifuata kwa nguruwe mwenye vifuko, umempa sehemu moja kati ya sita ya anachohitaji, halafu unakuja kusema dawa feki. Nguvu nayo inatofautiana. Ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwenye kila mililita, ya asilimia 2.265 ina miligramu 22.65 tu. Nguruwe wa kilo 40 anahitaji miligramu 1,200: mililita 12 za ile ya kwanza, au mililita 53 za ile ya pili. Soma chupa kabla ya kushika bomba. Na kwa kuwa dozi hiyo inapita iliyoandikwa kwenye chupa ya ng'ombe, mwite daktari wa mifugo aisimamie.

Uzito usiukadirie kwa macho. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, mara 69.3. Mfano: mzunguko 0.8, urefu 0.9, unapata karibu kilo 40. Mpime akiwa amesimama na kichwa mbele. Akiinama au akijikunja, hesabu inaharibika.

Kunywesha: tikisa chupa mpaka mashapo ya chini yaishe, maana dawa yenyewe ndiyo inayotuama. Ingiza bomba lisilo na sindano pembeni mwa shavu, sukuma polepole, mwache ameze, rudia. Usimnyooshe kichwa juu na usimimine akiwa anapiga kelele. Dawa inaingia mapafuni na baada ya siku mbili tatu unamzika kwa nimonia. Kuchanganya kwenye pumba kwenye hori moja usijaribu kabisa, mbabe atakula dozi ya watatu. Jike mwenye mimba changa muweke kando kwanza.

Wanyweshe wote 7. Ulimi unaonyesha wale waliojaa sana. Mwenye vifuko vichache anaweza kuwa na ulimi safi kabisa.

Sasa subira. Kifuko kikifa hakitoweki siku hiyo. Kinanywea, kinageuka usaha mzito au chembe ngumu, kisha mwili unakifuta taratibu. Hesabu miezi 3 kabla ya kuchinja. Ukichinja wiki ya nne, mkaguzi atakuta msuli una madoa kila mahali na ataukataa, na atakuwa na haki. Muda huo pia unatosha kwa mabaki ya dawa kutoka mwilini. Ubongoni dawa haifanyi kazi vizuri kama kwenye msuli, kwa hiyo ubongo wa nguruwe aliyetibiwa tupa.

Piga hesabu ya chakula pia. Wa kilo 30 ana faida ya kutibiwa kwa sababu bado anakua. Kwa wa kilo 60 aliyejaa vifuko, miezi 3 ya pumba inaweza kula faida yote.

Muhuri_wa_Bluu

Nijibu la nyama. Hao wawili wasichinjwe nyumbani. Nguruwe ambaye vifuko vinaonekana hata kwenye ulimi, ndani huwa vimejaa zaidi: moyo, mashavu, bega, kiwambo, minofu ya ndani ya kiuno na mapaja. Mkaguzi anayefanya kazi yake anachanja sehemu hizo, haangalii ngozi ya nje na kugonga muhuri. Vikiwa vimeenea, mzoga mzima unakataliwa, unachomwa au unafukiwa shimo refu ambalo mbwa hawafukui.

Kwa anayenunua nyama ambayo haijapita kwa mkaguzi (na tusidanganyane, vijijini ndiyo nyingi): chana mnofu kwa kufuata nyuzi za msuli, tazama kwenye mwanga wa jua. Kifuko kizima kina milimita 5 hadi 10, ni kama tone la maji kwenye ngozi nyembamba, ndani kuna kitone kimoja cheupe. Kitone hicho ndicho kichwa cha tegu. Mafuta ni meupe pia ila hayana maji na hayapasuki ukiyabonyeza.

Joto linamuua tegu mchanga, lakini lazima lifike katikati ya kipande: zaidi ya nyuzi 65. Shida ya kitimoto haipo kwenye sufuria, ipo kwenye jiko la mkaa. Kipande kikubwa, moto mkali, nje kimebabuka, ndani bado pinki na mteja anasema laini. Kata vipande vidogo, chemsha kwanza hadi ndani kuwe kijivu na majimaji yatoke bila wekundu, ndipo ukaange au uchome. Friza nayo inaua: nyuzi 15 chini ya sifuri kwa siku 3, ila siku zinahesabiwa baada ya katikati ya nyama kuganda. Friza ya bucha inayofunguliwa kila dakika tano na umeme unaokatika, usiitegemee.

Mlowo_Mfugaji

Asanteni sana. Kinachonichanganya: hawa nguruwe hawazururi. Wapo bandani tangu waachishwe kunyonya, sakafu ya mbao. Hivi vifuko wamevitoa wapi?

Daktari_wa_Zizi

Swali zuri kuliko la dawa. Mayai ya tegu huyu hutoka sehemu moja tu duniani, nayo ni kinyesi cha binadamu. Nguruwe hamuambukizi nguruwe mwenzake. Kwa hiyo kuna mtu mwenye tegu tumboni, na kinyesi chake kimefika kwenye mdomo wa nguruwe wako.

Njia ninazozishuku kwa waliofungiwa, kwa mpangilio huu. Majani: unakata matembele na magugu pembezoni mwa shamba, na pembezoni mwa shamba ndipo vibarua wanapojisaidia. Maji: ya kijito au kidimbwi kinachopokea maji ya mvua kutoka vichakani. Mikono: anayelisha anatoka chooni, hanawi kwa sabuni, anachanganya pumba na maji kwa mkono. Na banda lenyewe, kama liko jirani na choo ambacho shimo lake hufurika masika.

Kipingili kimoja cha tegu aliyekomaa kinabeba mayai kama 50,000, kwa hiyo usishangae nguruwe akijaa vifuko vya kutosha kwa ajali moja tu. Kwenye kivuli na unyevunyevu mayai hukaa miezi. Klorini ya kawaida ya maji haiyaui. Kuchemsha kunayaua, na jua kali la kukausha.

Tangu ameze mayai hadi kifuko kikomae ni miezi 2 hadi 3. Kwa hiyo angalia walikula nini kipindi hicho, si wiki iliyopita.

Nesi_wa_Kilimani

Upande wa watu nausema kwa kirefu kidogo kwa sababu unachanganywa sana, hata na watu wa afya.

Kuna magonjwa mawili ya tegu mmoja. La kwanza: umekula nyama yenye kifuko kilicho hai. Kichwa kinajishika kwenye utumbo, baada ya kama miezi 2 una tegu wa mita kadhaa. Anakusumbua kidogo au hakusumbui kabisa. Unaona tu vipande bapa vyeupe kwenye choo. Wa nguruwe hutoka na haja kubwa, mara nyingi viwili vitatu vimeungana. Vya tegu wa ng'ombe hutembea vyenyewe na kutoka hata bila haja, watu huvikuta kwenye nguo ya ndani. Si kipimo kamili, maana mayai ya hao wawili kwenye darubini ni sawasawa. Ukiona kipande, kiweke kwenye kopo la maji safi lenye kifuniko ukipeleke maabara, na mikono unawe kwa sabuni.

La pili ndilo baya: umemeza MAYAI, kutoka kwa mwenye tegu, pengine wewe mwenyewe kwa kucha zako. Hapo mwili wako unafanywa kama wa nguruwe. Vifuko vinakwenda msulini, machoni, ubongoni. Vya ubongoni vinaleta kifafa na maumivu makali ya kichwa, miezi au miaka baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye maeneo yenye tegu huyu, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa kinatokana naye. Na povu la mwenye kifafa haliambukizi mtu. Mshike asiumie, mlaze ubavu.

Mlowo, usiwanunulie watu sita dawa kwa jumla. Kwa tegu wa tumboni ipo prazikwanteli, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, mara moja. Tatizo lake inaingia hadi ubongoni. Kama mtu ana vifuko huko bila kujua, vikianza kufa ubongo unavimba, anaanguka degedege nyumbani bila msaada. Niklosamidi, gramu 2 kwa mtu mzima, hainyonywi na utumbo kuingia damuni, kwa hiyo hatari hiyo haina. Kuipata ndiyo kazi. Albendazoli ya miligramu 400 mnayopewa kwa minyoo ya kawaida ni dhaifu kwa tegu ikinywewa mara moja.

Kwa hiyo nendeni kituoni wote sita, mseme wazi kuwa nguruwe wamekutwa na vifuko. Yeyote aliyewahi kuanguka kifafa, anayeumwa kichwa mara kwa mara, anayeona maluweluwe au mwenye vinundu vigumu chini ya ngozi ajitaje kabla hajapewa kidonge. Huyo anahitaji picha ya CT ya kichwa na macho yaangaliwe. Matibabu ya vifuko vya ubongoni ni albendazoli miligramu 15 kwa kilo kwa siku, siku 10 hadi 14, pamoja na dawa za kupunguza uvimbe na za kifafa, chini ya daktari. Wapo ambao vifuko vyao vimeshakufa na kuwa chokaa. Hao dawa ya minyoo haiwasaidii kitu, wanatumia ya kifafa tu.

Bandari_Salama

Sisi huku pwani nguruwe hatumli wala hatumfugi, kwa hiyo hili halituhusu, au?

Nesi_wa_Kilimani

La kwanza halikuhusu, ndugu yangu. La pili linakuhusu kabisa, kwa sababu halitoki kwenye nyama. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika juu ya Wayahudi wa Kiorthodoksi wa New York, watu wasiogusa nguruwe, waliopata degedege kwa vifuko vya tegu ubongoni. Uchunguzi uliangukia wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye tegu huyu, waliokuwa wakiwapikia. Aliyekukatia kachumbari leo unajua alikula nini mwaka jana?

Mlowo_Mfugaji

Nimeelewa, kesho tunakwenda kituoni. La mwisho: nikileta watoto wa nguruwe wapya, kuna chanjo?

Daktari_wa_Zizi

Ipo, ya TSOL18, inauzwa kwa jina la Cysvax na kutengenezwa India. Muulize afisa mifugo wa wilaya namna ya kuipata. Usinunue ya mtu wa pikipiki. Inazuia maambukizi mapya tu, vifuko vilivyokwishaingia haivigusi.

Ni sindano mbili, zikipishana wiki 3 hadi 4. Moja peke yake ni sawa na kutochanja. Siku ya sindano ya pili mnyweshe na oksifendazoli kwa dozi ileile ya miligramu 30, ili alichomeza kabla kinga haijakamilika kife. Wengi wanaichoma ya kwanza, wanaona nguruwe mzima, ya pili wanaiahirisha hadi inasahaulika.

Chanjo ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 muda wote. Ikiganda, tupa. Ukiisafirisha na barafu kwenye themosi ya chai, weka gazeti au kitambaa kati ya barafu na chupa ya chanjo.