Wana wa Muheza 🍊

JUMATATU

Zubeda 20:47
Assalaam aleikum wana Muheza. Natumaini mmefuturu salama. Ajenda ni ileile. Idd Pili kwa Mama, watoto wote, na usiku tunaangalia Kung Fu Panda. Safari hii MPAKA MWISHO. Diski ya Jumanne imefika, halisi, bado iko kwenye nailoni yake.

Zubeda 20:49
Michango:
1. Zubeda 30,000 ✅
2. Athumani
3. Rajabu
4. Jumanne diski + 50,000
5. Fadhili
6. Mama Junior pilau
Nakili, jaza, rudisha.

Zubeda 21:30
Naona tiki za bluu kumi na moja.

Zubeda 21:31
Kumi na mbili.

Athumani 21:52
Dada watu tuko tarawehe

Zubeda 21:52
Na simu mkononi?

Junior 22:05
Shangazi kwa nini diski? Mimi ninazo zote nne kwenye flashi. Kuanzia ya 2008 mpaka ile ya 2024

Zubeda 22:06
Junior flashi yako tunaijua. Mwaka jana Bibi yako alibonyeza tu ikatoka singeli, na mashehe wamekaa sebuleni.

Tatu 22:07
🤣🤣🤣🤣

Jumanne Ohio 22:38
Salaam kwa wote. Huku ndiyo kwanza mchana, mdomo umekauka. Mle ndani diski ni mbili. Moja filamu yenyewe, ya pili hadithi fupi ya wale Watano, mabingwa wa kung fu, Po yule panda anawasimulia sungura wadogo darasani. Zilitoka pamoja 9 Novemba 2008. Nilinunua wiki hiyohiyo nimpelekee Mzee.

Jumanne Ohio 22:39
Ndiyo hivyo.

Athumani 22:44
Lakini si tulishaiangalia Idd ya 2008

Jumanne Ohio 22:46
Idd hiyo ilikuwa mwanzo wa Oktoba kaka. Diski ya huku ilikuwa haijatoka bado. Mliangalia nini?

Athumani 22:46
Ya Kariakoo. Kumi na mbili kwa moja 😎

Tatu 22:48
Yenye kichwa cha mtu!! Kobe anaondoka na maua yake, sisi tunalia, jamaa naye anainuka anaondoka na bisi zake. Mimi mpaka nafika sekondari nilijua yumo kwenye filamu

Junior 22:49
Kwani mwisho hamkuuona?

Tatu 22:50
Ilikwama darajani. Wale Watano wanapigana na chui juu ya kamba, daraja linayumba, pa! Picha ikaganda. Babu akaitoa akaifuta kwa shati. Ikaanza upya. Ikafika palepale ikaganda

Zubeda 22:51
Na michango yenu iko hapohapo darajani.

Tatu 22:53
Halafu Anko Athumani alichukua shilingi mia mia kwa watoto wa jirani, kawaambia Jackie Chan yumo

Athumani 22:54
Yumo! Yule nyani sauti ni yake

Tatu 22:54
Sauti!! Watu walikaa saa nzima wanamsubiri Jackie Chan atokee 🤣 Mama Chuki alikuja kudai mia yake kesho yake asubuhi

Athumani 22:55
Na kutafsiri bure sikutafsiri? Nilisimama pembeni ya tivii mpaka koo likakauka

Jumanne Ohio 22:57
Nasikia ulisema Shifu, yule mwalimu wao, ni panya buku

Athumani 22:58
Ni nini basi

Jumanne Ohio 22:58
Panda mwekundu

Athumani 22:59
Ningesema panda mwekundu nani angenielewa Muheza? Panda mweusi mwenyewe nilimwita dubu. Kuna yule mdudu kijani, nikasema vunjajungu, watoto wakaanza kuuliza kwani Ramadhani imekaribia

Zubeda 23:01
Jamani. Mama ameniuliza juzi, mimi namkanda miguu, "Yule dubu alishinda?" Miaka yote hiyo anajiuliza. Mtu asimwambie. Ndiyo maana nataka diski, nataka aangalie kwa utulivu.

Junior 23:02
Anashinda kwa kidole, kidole cha Wuxi

Zubeda 23:02
JUNIOR

Tatu 23:03
Simu ya Bibi ni hii ninayoshika mimi, tulia shangazi. Hajasikia


JUMANNE

Zubeda 17:15
Nimeijaribu diski kwenye deki mpya. Inazunguka, inazunguka, inaandika eti kanda si sahihi. Deki ya 85,000 hii.

Mama Junior 17:40
Kanda tena? Si ulisema diski wifi

Jumanne Ohio 18:02
Aah. Kosa langu. Diski za huku ni za kanda namba 1, huko Tanzania ni namba 5. Kampuni za filamu ziliigawa dunia hivyo ili ya huku isiuzwe kwingine. Deki yenye adabu inaikataa.

Athumani 18:04
Kumbe hata diski inanyimwa viza

Jumanne Ohio 18:05
Inatakiwa deki isiyobagua. Zile za Mchina nyingi zilikuwa zinasoma zote

Tatu 18:20
Kama ya Babu. Ile ya juu ya kabati, yenye kitambaa cha kufuma. Ilisoma hata diski yenye ufa

Zubeda 18:21
@Rajabu

Athumani 18:22
Uwiii. Mimi naenda kufuturu

Zubeda 19:40
@Rajabu

Zubeda 20:15
@Rajabu deki ya Mzee uliichukua arobaini yake, 2010, "siku mbili tu dada". Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la kahawa.

Rajabu 20:33
Nilirudisha

Zubeda 20:33
Lini?

Rajabu 20:35
Siku ya mabati

Zubeda 20:36
Siku ya mabati ulikuja mikono mitupu na ukaondoka na ngazi.

Tatu 20:37
🙊

Mama Junior 20:41
Jamani pilau ni la watu wangapi nijue kilo

Junior 20:44
Mimi nashauri tuangalie ya pili badala ya ya kwanza. Ile yenye tausi mbaya, ya 2011. Po anagundua Bwana Ping, yule bata bukini, si baba yake mzazi, alimkuta mtoto kwenye sanduku la figili nyuma ya mgahawa. Inaliza vibaya mno

Athumani 20:45
Junior kalale

Rajabu 20:52
Ujumbe huu umefutwa

Athumani 20:53
Umeshasomwa. Rajabu, na mfungo huu?

Mama Junior 20:54
Nimeuona. Sanduku la machungwa. Astaghfirullah

Zubeda 20:55
Fadhili yumo humu Rajabu.

Rajabu 20:57
Ulikuwa utani. Na kila kitu kikipotea ni Rajabu, mwenye ekari mbili za michungwa haulizwi hata mchango

Zubeda 20:58
Ekari alimpa Mzee kwa mdomo wake, mbele yako.

Jumanne Ohio 21:03
Tuyaache haya jamani

Jumanne Ohio 21:20
Kuna pia uwezekano wa kununua deki ya zamani, mtu aulizie kwa mafundi hapo Barabara ya 12


JUMATANO

Tatu 06:10
🎤 Ujumbe wa sauti 1:26

Athumani 06:31
Mama tumesikia 🙏

Zubeda 06:33
Tumesikia Mama. Shikamoo.

Mama Junior 07:48
Niko kwenye daladala sina spika za masikio. Mama kasema nini? Mbona wote kimya

Tatu 08:15
Naandika kama alivyosema, nisilaumiwe. Alinikuta naicheka simu baada ya daku akaniambia soma yote.

"Assalaam aleikum. Huyu ni mama yenu. Tatu amenisomea, hata kilichofutwa amenisomea. Rajabu nilikuzaa, Fadhili sikumzaa, na mgongo uliowabeba ni huuhuu unaoniuma sasa. Ile sinema mnayoigombania nakumbuka vizuri. Yule bata alimwambia dubu, sisi ni watu wa tambi, kwenye mishipa yetu unapita mchuzi. Athumani alitutafsiria. Baba yenu akacheka mpaka akakohoa, akasema basi na humu ndani inapita juisi ya machungwa. Fadhili alikuwa amelala mapajani kwake. Neno sanduku nisilisikie tena mpaka mnizike. Deki nataka kuiona juu ya kabati kabla mwezi haujaandama. Kitambaa chake ninacho, nimekifua. Na mniletee sukari, hii imeisha."

Mama Junior 08:40
😔

Jumanne Ohio 08:52
Huku usiku wa manane nimesikiliza mara tatu. Nimeongeza 20,000 ya sukari.

Zubeda 13:05
Orodha:
1. Zubeda 30,000 ✅
2. Athumani 20,000 (anasema Ijumaa)
3. Rajabu
4. Jumanne 70,000 ✅
5. Fadhili
6. Mama Junior pilau, kilo 6
7. Tatu kumpeleka Mama saluni

Athumani 13:20
Saluni ya nini? Anakwenda kucheza kung fu?

Tatu 13:21
Amesema mwenyewe anataka hina 😂

Junior 13:30
Shangazi naomba radhi kwa ya jana. Sikujua

Zubeda 13:34
Hukujua baba. Lete flashi yako pia, isiyo na singeli. Kama deki haikupatikana.

Athumani 13:36
Kwa flashi au kwa diski, mtafsiri ni mimi. Mama hasikii Kiingereza cha Po

Tatu 13:37
Na kiingilio?

Athumani 13:38
Mwaka huu ni mia tano. Maisha yamepanda

Zubeda 19:02
@Fadhili umefuturu?

Zubeda 21:45
@Fadhili nimekupigia mara mbili. Si kwa ajili ya mchango.

Rajabu 23:51
📷 Picha

Rajabu 23:52
Ilikuwa stoo chini ya magunia. Inawaka. Rimoti sina

Tatu 23:53
Mungu wangu. Ina stika ya Idd ya 2008 bado

Athumani 23:54
"Nilirudisha" 🤣🤣🤣

Zubeda 23:54
Athumani acha. Ahsante Rajabu. Utaileta mwenyewe?

Rajabu 23:58
Nitampa kondakta wa basi la asubuhi

Zubeda 23:58
Mama kasema anataka kuiona juu ya kabati. Hakusema kondakta.

Fadhili 00:14
Ile deki ni ya nyaya tatu, nyekundu nyeupe njano. Tivii mpya ya Mama haina matundu hayo. Mtahitaji konveta, Tanga mjini zipo.

Zubeda 00:15
Mtahitaji au tutahitaji?

Zubeda 00:31
Fadhili?

Mama Junior 04:22
Wifi samahani nilipitiwa na usingizi, ndiyo naamka daku. Kwani Idd Pili ni Jumamosi au Jumapili? Nataka kumwambia muuza nyama

Athumani 04:40
Ukiandama leo ni Jumamosi. Usipoandama Jumapili. Mwambie muuza nyama aangalie juu kama sisi

Rajabu 05:03
Fadhili hiyo konveta ni shilingi ngapi